Pima ya Bibi

Juu ya kabati la chumba cha uani, katika nyumba yetu ya Ngamiani hapa Tanga, kuna ukili, yaani utepe mrefu wa majani uliosukwa ili ushonwe kuwa mkeka, uliozongwa mviringo mfano wa gurudumu dogo, na ncha yake imefungwa kwa kipande cha kanga ili chane zisifumuke. Bibi yangu aliufunga hivyo asubuhi moja ya mwaka 2011, akasema angeendelea nao baada ya sala ya adhuhuri. Hakuendelea nao, kwa kuwa mchana ule alilala na homa, na siku ya nne akafariki akiwa na umri wa miaka 75.

Tangu wakati huo wadogo zangu wameniomba mara nyingi niandike habari zake, na kila nilipoanza nilijikuta nikiandika sifa ambazo zingeweza kusomwa katika tanzia ya bibi yeyote wa pwani: mpole, mkarimu, mcha Mungu. Mkarimu alikuwa, na mcha Mungu alikuwa, lakini sifa hizo hazinirudishii sura yake. Ninayemwona nikifumba macho ni mwanamke aliyeketi mkekani, miguu ameinyoosha, kanga moja kiunoni na nyingine begani, midomo yake ikitikisika kidogo kidogo kwa sababu anahesabu. Bibi alikuwa mtu wa hesabu, na mapenzi yake yote, ya mikeka, ya mashairi na ya redio, yalipitia katika hesabu hiyo.

Alizaliwa Tongoni, kijiji cha wavuvi kilichopo kilomita 17 hivi kusini mwa mji, penye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yanayozidi 40 ambayo wageni huenda kuyatazama. Kwake yeye yalikuwa mahali pa kujificha wakati wa michezo ya utotoni, na hakuwahi kuyaongelea zaidi ya hapo. Aliolewa mjini akiwa na miaka 18, akaja Ngamiani na vitu ambavyo alipenda kuvitaja kwa mpangilio uleule kila mara: msahafu wake, mbuzi ya kukunia nazi, na shazia ya mama yake, yaani ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Mbuzi ilivunjika. Msahafu ulizeeka ukapumzishwa. Shazia ninayo mimi.

Watu wengi waliolala juu ya mkeka hawajui kazi iliyomo ndani yake, nami nisingejua kama nisingelelewa miguuni pake. Ukindu, yaani majani ya mkindu yanayosukiwa mikeka, huvunwa mti ukiwa umetoa jani jipya ambalo bado limefumba, kwa sababu jani likishafunguka na kupigwa na jua mtini huwa gumu na haliwi jeupe. Bibi aliununua kwa wanawake walioushusha mjini kwa mafungu kutoka mabondeni, na kabla hajalipa alilifungua fungu katikati, si juu, akalinusa. Ukindu ulioanikwa vibaya hunuka uvundo hata kama unaonekana mweupe, na uvundo huo mkeka hauusahau. Baada ya hapo ulianikwa tena uani siku mbili au tatu, ukatengwa ule wa kubaki mweupe na ule wa kupikwa rangi. Alitumia rangi za unga za dukani, nyekundu na zambarau na kijani, ila nyeusi aliipata kwa mizizi ya mdaa kila alipobahatika kuipata, akisema kwamba nyeusi ya dukani huchuja ikiguswa na jasho. Sufuria ya rangi ilikuwa moja, haikupikiwa kitu kingine, na sisi watoto tulikatazwa hata kuisogeza.

Kisha kulikuwa na kuchana. Kucha ya kidole gumba cha mkono wake wa kulia ilikuwa ndefu kuliko nyingine zote, na kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuigandamiza kwenye jani, kulivuta mara moja, na kupata chane mbili za upana mmoja. Sijawahi kumwona akipima upana huo kwa chochote. Chane ziliwekwa katika kitambaa chenye unyevu, hasa wakati wa kaskazi, ambapo hewa huwa kavu na chane hukatika mikononi. Katika miezi hiyo alisuka alfajiri na jioni, na mchana aliiacha kazi kabisa. Tulipokuwa wadogo tulidhani anapumzika kwa sababu ya joto. Aliyekuwa akipumzishwa ni ukindu.

Lakini jambo lililonifanya nimwone Bibi kwa macho mengine lilikuwa pima. Pima, kwa wasioijua, ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na wafanyabiashara waliihesabu kuwa futi sita. Mkeka wa kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita, ukisukwa kwa ukili wa upana wa vidole vinne, huhitaji kili 15 zilizoungwa ubavu kwa ubavu, kila moja urefu wa pima moja, kwa hiyo msukaji huanza kwa kusuka ukili mmoja mrefu wa pima 15 ndipo akate. Nilikuwa na miaka tisa nilipomwona akipima ukili wa kitanda, nikahesabu pamoja naye, na alipofika 15 hakusimama. Akaendelea hadi 17, akaongeza na kipande kidogo. Nikamwambia, kwa furaha ya mtoto aliyemkamata mtu mzima, kwamba amezidisha.

Akaniita karibu. Utani wa bibi na mjukuu wa kike kwetu ni wa uke wenza, na hakuwahi kuniita jina langu ila akiwa amekasirika. “Mke mwenzangu,” akasema, “hebu simama, nyoosha mikono.” Akainyoosha yake juu ya yangu, kisha akanionyesha ukutani alama mbili za mkaa ambazo nilikuwa nikiziona siku zote bila kuuliza ni za nini. Babu alikuwa amezipimia kwa futi kamba. Kati ya alama na alama palikuwa na futi sita kamili, na Bibi aliposimama mbele yake, vidole vya mkono mmoja vikigusa alama ya kwanza, vya mkono wa pili viliishia kabla ya alama nyingine kwa shibiri moja. Pima yake ilikuwa imepungua shibiri moja, yaani inchi tisa, na alilijua hilo tangu alipoanza kuuza mikeka. Kwa kila pima nane za watu alisuka tisa zake na zaidi, na hesabu hiyo alikuwa nayo kichwani. Mteja asingejua. Mkeka ungepungua kidogo tu upande wa miguuni, na watu wangesema kitanda ndicho kirefu. Alama zile za mkaa zilifutwa nyumba ilipopakwa chokaa upya, na nikikumbuka siku hiyo bado naumia kwamba hakuna aliyenishtua nikazizuie.

Mwanamke huyo, aliyeweza kugawanya futi na shibiri bila kalamu, aliwahi kuandikwa kwenye daftari la mtaa kuwa hajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yalifunguliwa kila mahali, shuleni nyakati za jioni, chini ya miembe, viwandani na kwenye mashamba ya mkonge. Waliopita mtaani kwetu mwaka 1972 kuandikisha watu walimkuta Bibi akiwa na miaka 36. Wakamuuliza kama anajua kusoma, akajibu kwamba anajua. Wakampa kitabu cha kisomo, akakigeuza, akakitazama, akakirudisha. Karani akaandika neno moja: Hajui.

Ukweli ni kwamba alikuwa amehitimu msahafu chuoni, yaani madrasa, kabla ya kuvunja ungo, na Kiswahili alikiandika kwa herufi za Kiarabu, kama kilivyoandikwa katika pwani hii kwa karne nyingi. Hati za tenzi zilizohifadhiwa tangu karne ya 18 ziko katika herufi hizo. Herufi za Kirumi zilisambaa huku pamoja na utawala wa Wajerumani, ambao katika miaka ya 1890 walifungua shule ya serikali hapahapa Tanga, na kwa muda mrefu waliozijua walikuwa wavulana waliopelekwa shule. Mabinti walibaki na chuo. Bibi aliwaandikia majirani barua za kwenda Mombasa na Unguja kwa waume na wana waliokuwa huko, na majibu yalipokuja aliyasoma yeye, faraghani, mlango umeegeshwa, kwa kuwa alijua siri za nusu ya mtaa na hakuna aliyewahi kusikia hata moja ikitoka kwake. Huyo ndiye aliyeandikwa Hajui.

Nilipokua nikalikasirikia jambo hilo kwa niaba yake. Yeye alinishangaa. Alisema karani aliuliza kuhusu herufi alizozijua yeye karani, naye hakuzijua, kwa hiyo hakukuwa na uongo. Sikubaliani naye hadi leo. Kampeni ile ninaiheshimu, kwa sababu iliwafikia watu ambao serikali za kabla yake hazikuwajali hata kidogo, na takwimu za mtihani wa kitaifa wa Agosti 1975, zilizoonyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi asilimia 39, zilikuwa fahari ya nchi nzima. Lakini ndani ya hesabu hiyo Bibi yumo kama mtu aliyetolewa gizani, na mimi namjua kuwa alikuwa na taa yake tangu akiwa na miaka kumi.

Hata hivyo alikwenda darasani, na alikwenda kwa hamu, kwa sababu hakuwahi kukataa kitu cha kujifunza. Herufi za Kirumi zilimchukua miezi michache. Mwaka 1973 ilipoanza kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, ambayo vikundi vyake vilikusanya watu wapatao milioni mbili nchi nzima kusikiliza na kujadili habari za vyoo, maji, malaria na kuhara, yeye ndiye aliyekisomea kikundi cha mtaa wetu kile kitabu cha mafunzo. Walikaa uani petu juu ya jamvi lake la miyaa. Mama yangu, aliyekuwa mtoto, anakumbuka kwamba redio ilipomaliza kipindi, Bibi alirudia sehemu ya mbu neno kwa neno, kisha akawauliza wenzake ni nani kati yao aliyekuwa na pipa lisilofunikwa, huku akijua vizuri ni nani. Miaka miwili baadaye, kilipokuja kipindi cha Chakula ni Uhai, alikuwa tayari anamsahihisha mwalimu wa kikundi.

Kutokana na kisomo kile alianza tabia ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Daftari lake lilianza pande zote mbili. Ukilifungua kutoka kulia, ulikuta oda za mikeka kwa herufi za Kiarabu: mwenye mkeka, vipimo vyake, rangi zake, alicholipa na kilichobaki. Ukilifungua kutoka kushoto, ulikuta matumizi ya nyumbani kwa herufi za Kirumi: mchele, mafuta ya taa, ada za shule, dawa ya Babu. Siku pande hizo mbili zilipokutana katikati, daftari lilikuwa limekwisha, na alinituma dukani nikanunue jingine. Nilijifunza kusoma upande wa kulia ili nijue wanaomdai na wanaodaiwa, jambo ambalo hakulikataza, ila alinifundisha kwanza kuandika jina la Mwenyezi Mungu, kisha la mama yake, kisha neno ukili.

Jioni zilikuwa za redio ya betri na taarabu. Tanga ilikuwa mji wa taarabu, mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na sauti ya Shakila, binti wa Pangani, ilipotoka redioni Bibi hakuruhusu mtu kuongea. Wengine walipenda sauti au vinanda. Yeye alipenda mizani, yaani hesabu ya silabi. Shairi la mizani 16 kwa mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, alilihesabu kwa vidole vilevile vilivyokuwa vikisuka, na mshororo ukipungua silabi aliinua uso kama mtu aliyepigwa na kijiti. Alitunga pia, mashairi mafupi ya kuwatania mawifi zake na mengine ya kuwaombolezea waliokufa, lakini hakuyaandika kwenye daftari. Nilipomuuliza kwa nini, alisema daftari ni la madeni.

Mji huu umejengwa kwa uzi mwingine, na Bibi aliishi kati ya nyuzi hizo mbili. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, ni 62 tu iliyofika hai, ikapandwa Kikokwe karibu na Pangani, na kutokana na hiyo yakaja mashamba, reli, bandari na vibarua kutoka kila pembe. Babu alikuwa kuli wa bandarini, akipakia marobota ya mkonge kwenye matishari yaliyoyapeleka melini. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha kamba za nailoni zikaushusha mkonge, marobota yakapungua, na kulikuwa na miaka ambayo nyumba yetu ililishwa na ukindu. Ada yangu ya darasa la saba ni mikeka miwili na msala mmoja, ule mkeka mdogo wa kusalia. Nimeiona katika daftari, upande wa kulia na upande wa kushoto, kiasi kilekile kikiwa kimeingia huku na kutoka kule.

Plastiki iliyoishusha kamba ya mkonge ikaja baadaye kuushusha mkeka. Mkeka wa plastiki ulipofika sokoni Mgandini kwa bei ambayo isingenunua hata ukindu wake, Bibi alinunua mmoja. Tulidhani amekata tamaa. Aliuleta nyumbani, akaugeuza, akaufumua pembe moja kwa shazia kuona ulivyosukwa, akakaa nao kimya kwa muda mrefu. Mwishowe akasema umesukwa sawasawa, hauna kosa hata moja, ila ukiulalia mchana wa kaskazi utaamka umelowa jasho. Akautandika jikoni kwa ajili ya kuanikia muhogo wa bada. Oda zikapungua mwaka hadi mwaka, na yeye akaendelea kusuka kwa ajili ya waliobaki: mabibi harusi ambao mama zao walisisitiza, na wajukuu zake, ambao kila mmoja alisukiwa msala alipohitimu msahafu.

Sitaki aonekane kuwa mtu wa upole mtupu. Alikuwa mkali, na ukali wake nimeuonja. Nikiwa na miaka kumi na moja nilipewa nafasi ya kuendeleza ukili wa mkeka wa harusi alipokwenda msibani, nikaruka chane moja, nikaona, nikadhani haitajulikana, nikasuka pima mbili zaidi juu ya kosa lile. Aliporudi hakuutazama ukili. Aliupitisha tu kati ya vidole vyake huku akiongea na shangazi habari za msiba, na vidole vikasimama mahali penyewe. Aliniita kwa jina langu. Nilifumua pima mbili usiku ule kwa mwanga wa kandili, chane moja moja, naye alikaa nami hadi nikamaliza, hakunisaidia na hakulala.

Alipofariki, jeneza lilitandikwa mkeka aliousuka mwenyewe, mweupe, wenye taraza, yaani ukingo, nyeusi ya mdaa. Siku za matanga wanawake walijaa hadi uani, na kwa kuwa nyumba haikuwa na viti vya kutosha ilibidi kila mkeka utolewe, ya kwetu na ya majirani, mipya na iliyochakaa. Nilipita na sinia la kahawa nikiikanyaga pembeni, nikaanza kuitambua. Huu ni wa mwaka aliougua Babu, rangi ni mbili tu. Ule ni wa harusi ya mama mdogo. Ule ulioletwa na jirani wa kulia una ukili ambao katikati yake unabadilika, unalegea kwa upana wa kiganja kisha unakaza tena, na hapo ndipo nilipofumua nikasuka upya. Mwanamke mmoja mzee alikuwa ameketi juu ya sehemu hiyo, akilia.

Mwaka huu nimeushusha ule ukili kutoka juu ya kabati. Nimeuloweka kwa siku moja katika kitambaa chenye unyevu kama alivyofanya yeye, kwa kuwa sasa ni kaskazi na niliogopa utakatika, kisha nimeuzongoa sakafuni na kuanza kuupima kwa mikono yangu. Shangazi, ambaye siku hizi haoni vizuri, alikuwa mlangoni akisikiliza. Nilisimama kwanza ukutani na futi kamba ili nijue pima yangu inapungua kiasi gani, na imepungua shibiri moja, na vidole viwili zaidi. Shangazi akaniuliza umefika ngapi. Nikamwambia umefika kumi na moja za kwake, na shibiri tatu. Akanyamaza akihesabu, kisha akasema zimebaki karibu sita.

Nimeagiza ukindu.